Saini Mbili za Mike Sonko

Jumanne ya tarehe 25 Februari 2020, gavana wa Nairobi aliingia Ikulu akiwa na mji na akatoka akiwa na ofisi. Kwa kalamu moja aliikabidhi serikali kuu kazi nne za kaunti yake: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, na mipango ya mji. Aliyesaini upande wa pili ni Waziri wa Ugatuzi, Eugene Wamalwa, na Rais Uhuru Kenyatta akashuhudia. Makubaliano yalikuwa ya miezi 24.

Chukua Katiba ya Kenya, fungua Jedwali la Nne panapoorodheshwa kazi za kaunti, halafu uzifute hizo nne. Utabaki na chekechea, masoko, leseni za pombe, mabango ya matangazo, majumba ya sinema na, naapa imo humo, leseni za mbwa.

Mike Mbuvi Sonko hakuwa mtu wa leseni za mbwa. Huyu ni mwanasiasa aliyevaa dhahabu shingoni na vidoleni, aliyekuwa akimpigia simu mkubwa fulani mbele ya umati na kuiweka kwenye spika ili wote wasikie anavyojuana naye. Miaka miwili na nusu kabla ya siku hiyo alikuwa amepata kura zaidi ya 870,000, akamwacha gavana aliyekuwa madarakani, Evans Kidero, chini ya 700,000. Mtu wa namna hiyo anafikaje mahali pa kuugawa mji wake mwenyewe kwa hiari?

Baadaye mwaka huohuo alijieleza. Alisema watu wa Ikulu walimchanganya kwanza na pombe, na alipowekewa karatasi mbele yake alikuwa akiona zigzag tu. Nchi nzima ilicheka. Nami nilicheka, ila maelezo yale hayajawahi kuniingia. Ulevi unaweza kueleza mwandiko mbaya. Hauelezi ni kwa nini kufikia Februari ile saini ilikuwa ndiyo mali pekee aliyobaki nayo mezani. Hilo ndilo ninalotaka kulifuata hapa, kwa sababu magazeti yalipomaliza kuhesabu cheni na miwani yake, hesabu yenyewe ya mamlaka ilibaki bila kufanywa.

Gari la maiti

Sonko ni neno la Sheng, lugha ya mtaani ya Nairobi. Ni tajiri, bosi, mtu wa kumwaga pesa. Jamaa alizaliwa Mombasa mwaka 1975, akajulikana Nairobi kama mwenye matatu za Eastlands, mitaa ya watu wa kawaida mashariki mwa jiji, na jina la mtaani likamkaa hadi likaingia kwenye karatasi za kura. Septemba 2010 aligombea ubunge wa Makadara katika uchaguzi mdogo, kwa tiketi ya Narc-Kenya, chama ambacho wakati huo hakikuwa na uzito wa kutisha mtu. Mbele yake walikuwa miamba wawili: Reuben Ndolo wa ODM, aliyewahi kukishika kiti hicho, na Dick Wathika wa PNU, aliyewahi kuwa meya wa Nairobi. Wazee hawa walikuwa wakitazamana wao kwa wao, kesi yao ya uchaguzi ndiyo iliyoleta marudio yale. Kijana wa matatu akapita katikati yao.

Bungeni aliwahi kutolewa nje kwa kuingia na vipuli masikioni na miwani ya jua. Wengine wangeona aibu. Yeye alipata kitu ambacho hakuna kampeni ingeweza kumnunulia: picha ya wakubwa wakimfukuza mtu wa Eastlands kwa sababu ya mavazi. Mwaka 2013 akachaguliwa seneta wa kaunti nzima ya Nairobi kupitia TNA.

Kisha ikaja Sonko Rescue Team, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo kisa chote kilipofungiwa. Kikosi kilikuwa na ambulensi, magari ya zimamoto, malori ya maji, magari ya maiti, hata limuzini ya kuazimwa na maharusi. Watu wa mitandaoni, wenye mfereji jikoni, waliona vituko. Lakini simama Mukuru, mtaa wa mabanda, siku mabomba yamekauka. Mitungi ya manjano ya lita 20 imepangwa foleni tangu alfajiri, mingine imefungwa utepe wa rangi ili isichanganywe na ya jirani, na mwenye kioski anapandisha bei kila saa kwa kuwa anajua huna pa kwenda. Lori la bure likiingia, hakuna anayeuliza limetoka kwenye bajeti ipi. Mama anajaza mitungi yake minne na jina lililoandikwa ubavuni analikumbuka.

La maiti lina nguvu kuliko la maji. Mtu wa Nairobi akifa, mara nyingi hazikwi Nairobi. Anapelekwa kwao, Siaya, Kitui, Murang'a, Busia. Kamati ya mazishi inakaa jioni baada ya jioni, mweka hazina anasoma daftari la michango, na kila jioni mistari miwili ndiyo inayokataa kuziba: gari la maiti na basi la waombolezaji. Mtu akiiondoa mistari hiyo kwa simu moja, amewaondolea aibu ya kumwacha ndugu yao mochari bili ikizidi kupanda. Familia kama hiyo humsahau mbunge wake, na hata jina la MCA, mjumbe wa wadi yao katika bunge la kaunti. Aliyewasafirishia baba hawamsahau.

Sasa tazama kilichokuwa kikifanyika. Seneta kazi yake ni kutunga sheria zinazogusa kaunti na kuangalia pesa za kaunti zinatumikaje. Ambulensi, zimamoto na maji ni kazi za kaunti. Sonko alikuwa seneta anayeendesha kaunti ya pembeni, ya kwake, iliyojibu simu haraka kuliko ile ya City Hall, makao ya gavana. Kila lori lake jekundu lilipoingia mtaani lilikuwa likisema, bila kipaza sauti, kwamba Kidero ameshindwa. Kama mbinu ya upinzani, sijaona iliyo kali kuliko hiyo katika siasa za Nairobi.

Tatizo la mbinu ile ni kwamba inahitaji City Hall iwe ya mtu mwingine.

Suti na cheni

Aprili 2017 Sonko alishinda mchujo wa Jubilee, chama cha Rais Kenyatta, akiwabwaga Peter Kenneth na Askofu Margaret Wanjiru. Wenye biashara na watu wa Lavington, mtaa wa wenye nazo, walishtuka. Ili kuwatuliza, akaletwa mgombea mwenza Polycarp Igathe, mkurugenzi aliyetoka Vivo Energy, kampuni inayouza mafuta ya Shell nchini. Ilikuwa ndoa ya kupangwa na wazee: mmoja ana kura, mwingine anajua kusoma mizania ya hesabu. Mmoja cheni, mwingine tai. Kwenye mabango walipendeza.

Ilidumu miezi mitano. Tarehe 12 Januari 2018 Igathe alitangaza kupitia Twitter kwamba anajiuzulu ifikapo mwisho wa mwezi, kwa kuwa ameshindwa kupata imani ya gavana ya kuisimamia na kuiendesha kaunti. Isome tena sentensi ile. Hakusema walitofautiana sera, wala hakulalamikia mshahara. Alisema hakuaminiwa. Gavana aliyewapa wageni ambulensi zake hakuweza kumpa msaidizi wake sehemu ya kazi.

Na nadhani ndipo kiburi cha Sonko kilipokuwa. Watu walikitafuta kwenye pete na nywele, kumbe kilikaa kwenye mkono usiojua kukabidhi. Mtu aliyejijenga kwa kutoa mwenyewe, kwa mkono wake, akionekana, huona kila kitu kinachotolewa na mtu mwingine kama kimeibiwa kwake. Mfadhili anaruhusiwa kuwa hivyo. Gavana wa watu milioni nne na zaidi hawezi, maana karatasi za siku moja tu zinamshinda.

Kiti cha naibu kikabaki wazi. Mei 2018 Sonko akapeleka jina la Miguna Miguna, wakili ambaye wakati huo serikali ilikuwa imemtimua nchini na kumpeleka Canada. Bunge la kaunti halikumpitisha, na sidhani kama kuna aliyetarajia apitishwe. Miezi ikawa miaka. Wengi waliona ni uzembe. Mimi naona ilikuwa bima. Sheria inasema gavana akiondoka, naibu ndiye anayechukua kiti. Naibu asipokuwepo, spika wa bunge la kaunti anashika kwa muda na uchaguzi mdogo unaitishwa ndani ya siku 60. Uchaguzi mdogo wa Nairobi ni jambo ambalo hakuna chama kinachotamani kuliita ghafla. Kwa hiyo kila aliyewaza kumng'oa Sonko ilibidi kwanza ajiulize: halafu? Pengo lile lilimlinda. Tutaona lilivyomgeuka.

Kuvamia nyumba yako mwenyewe

Ndani ya City Hall aliendelea kuishi kama mtu wa nje. Septemba 2018 alifika Pumwani, hospitali ya uzazi, bila taarifa, kamera zikimfuata, na kukakutwa miili ya watoto wachanga 12 kwenye maboksi. Aliwasimamisha kazi wakubwa na kuvunja bodi papo hapo. Video ilisambaa, watu wakalia, na walikuwa na haki ya kulia. Ila Pumwani ni ya kaunti. Bajeti yake inatoka kwa gavana, na bosi wa afya wa kaunti anateuliwa na gavana. Alikuwa amevamia nyumba yake, akamkamata mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni yeye.

Desemba mwaka huo serikali yake ikapiga marufuku matatu katikati ya jiji. Tarehe 3, asubuhi ya Jumatatu, magari ya Thika Road yalimwagia abiria Ngara, ya Eastlands yakaishia Muthurwa na kando yake, na mji ukatembea. Ilikuwa safari ya miguu ya kijiji, isipokuwa watu walikuwa na laptopu begani na viatu mkononi. Kina mama na watoto mgongoni, wagonjwa wa kliniki, mtu wa magongo akipumzika kwenye kila nguzo. Mpango wenyewe haukuwa wa kipuuzi, miji mingi imewahi kutoa magari madogo katikati. Kilichokosekana ni mabasi ya kuwapokea watu pale matatu zinapoishia, yaani ile sehemu ya mpango inayochosha, inayohitaji wahandisi, zabuni na mwaka mzima wa vikao. Marufuku ikasimamishwa kabla haijatimiza siku mbili, kwa amri ya huyohuyo. Mwenye matatu wa zamani aliyezifukuza matatu, kisha akaibuka mkombozi wa abiria.

Mawaziri wa kaunti na makarani wakawa wanahamishwa kila kukicha, wengi wakibaki na cheo cha kaimu. Kaimu hasaini zabuni kubwa bila kutetemeka. Kuna kipindi mwaka 2018 gavana aliendesha shughuli kutoka nyumbani kwake Mua, Machakos, akilalamika kwamba amepunguziwa walinzi, na mafaili yakawa yanapanda kilima kumfuata. Kaunti nzima ilikuwa ikingoja mkono mmoja.

Mlango unafungwa

Tarehe 6 Desemba 2019 alikamatwa karibu na Voi, akiwa safarini kuelekea Pwani. Siku tatu baadaye alifikishwa mahakamani kuhusu zabuni za kuzoa taka za shilingi milioni 357, akakanusha mashtaka yote. Dhamana ilikuwa milioni 15 taslimu, na juu yake sharti moja: asikanyage ofisini.

Hapo bima ikageuka kitanzi. Gavana wa kawaida akizuiwa kuingia ofisini, naibu anaendelea na kazi. Sonko hakuwa naye. Tarehe 6 Januari 2020 akamteua haraka Anne Kananu Mwenda, lakini uteuzi ukasimamishwa na mahakama. Hundi zikawa hazina pa kwenda na wakandarasi wakaanza kupiga kelele. Bunge la kaunti nalo hoja ya kumwondoa ilikuwa imeshawekwa tayari.

Hesabu aliyokuwa nayo mwishoni mwa Februari, basi, ni hii. Haruhusiwi kufika mezani kwake. Msaidizi hana. Waliomzunguka ni makaimu. MCA wana hoja mkononi, na hoja ile inaweza kuzimwa kwa neno moja kutoka kwa kiongozi wa chama chake, ambaye ndiye Rais. Kitu kimoja tu ambacho hakuna mahakama iliyokuwa imemnyang'anya, na ambacho Ikulu isingeweza kukipata kwa mtu mwingine yeyote, ni saini ya gavana aliyechaguliwa. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu kazi ya kaunti ihamie serikali kuu, lakini kwa makubaliano. Lazima mwenye kaunti akubali.

Alikubali. Siku zile alisema mwenyewe kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya wakazi, na picha alizotoa zilikuwa za mtu anayetabasamu. Hoja ya kumng'oa ikapoa. Kwa hesabu ya wiki ile hakuwa mjinga hata kidogo. Alilipa kwa kitu ambacho tayari hakuweza kukitumia, akanunua muda.

Lakini hakusoma, au hakusomewa, aya inayofuata. Kifungu hichohicho kinasema kazi ikihamishwa, wajibu wa kikatiba unabaki kwa serikali iliyokuwa nayo mwanzo. Mamlaka yameondoka na lawama zimebaki. Mfereji ukikauka Mukuru mwezi ujao, wa kulaumiwa kisheria bado ni wewe, ingawa pesa na mafundi ni wa mwingine.

Na Nairobi ilikuwa na kumbukumbu ya jambo hili, ila ni ya wazee. Mwaka 1983 serikali kuu ilivunja baraza la jiji na kuweka tume ya kuteuliwa, na wakazi hawakupata tena madiwani wao hadi mwaka 1992. Kazi ya dharura ilikula karibu muongo mzima. Katiba ya 2010 ilijengwa ili jambo lile lisirudiwe kwa amri, ndiyo maana safari hii ilihitajika kalamu ya mtu wa ndani.

Saini ya pili

Tarehe 18 Machi Rais alimteua Meja Jenerali Mohammed Badi wa jeshi la anga kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Nairobi Metropolitan Services, ambayo kila mtu aliiita NMS. Ilikuwa siku chache tu baada ya korona kuingia nchini. Jenerali hakupiga kelele. Alichimba visima mitaani, akatengeneza vijia vya waendao kwa miguu, akapeleka maji ya bure Kibra na Mukuru. Tazama hapo: chombo cha serikali kuu kilikuwa kinafanya kile ambacho Rescue Team ilifanya, ila kwa bomba badala ya lori, na bila jina la mtu ubavuni. Sidhani kama kuna kilichomchoma Sonko kuliko hicho.

Aprili alijaribu kurudi kwenye uwanja wake. Kwenye vifurushi vya chakula vya kuwapelekea maskini alitangaza kwamba atatia vichupa vya Hennessy, kama dawa ya kusafisha koo dhidi ya virusi. Kampuni yenyewe ikalazimika kutoa taarifa kwamba pombe yao haikingi ugonjwa. Dunia ikacheka mara nyingine. Mimi nilichoona ni mtu anayetafuta lori lake na halioni.

Maelfu ya wafanyakazi wa kaunti walihamishiwa NMS, na pesa nazo ilibidi zihame. Bajeti ya 2020/2021 ilikuwa shilingi bilioni 37.5, na kati ya hizo bilioni 27.1 zilitengewa NMS. Sonko akakataa kuidhinisha. Alidai kiasi kile hakina msingi wa kisheria na kwamba makubaliano ya Ikulu yamekiukwa. Huenda hoja zake nyingine zilikuwa na mashiko, maana sheria ya fedha za umma ina njia zake na haraka ya Ikulu haikuzifuata zote. Ila ilikuwa Februari ndiyo siku ya kusema hayo, kabla ya kalamu. Saini ya kwanza aliitoa pale alipopaswa kuikatalia. Ya pili aliikatalia pale ambapo kuikatalia kulikuwa tayari ni kosa la kumshtaki nalo.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mji ukakwama kwenye karatasi, na miongoni mwa malalamiko dhidi yake yakaingia hata pesa za basari za wanafunzi maskini. Hoja mpya ya kumwondoa ililetwa na MCA Michael Ogada wa Embakasi. Sasa hakuwa na kitu cha kubadilishana. Mamlaka manne yalishatoka, na kiongozi wa chama hakuwa tena na sababu ya kumzuilia mtu yeyote. Hata ODM, chama cha Raila Odinga, baada ya Uhuru na Raila kupeana mkono wa mapatano, ilikuwa upande mmoja na Jubilee katika jambo hili.

Akafanya alichokijua. Aliwachukua makumi ya MCA, akawapeleka Kwale, ufukweni, ili wasiwepo Nairobi siku ya kura. Tarehe 3 Desemba 2020 bunge la kaunti likapiga kura, nyingine kwa mtandao, na matokeo yakasomwa: 88 kati ya 122 wameunga mkono. Sonko akajitokeza na wageni wake wa Kwale akidai wapo waliohesabiwa kuwa wamepiga kura ilhali wamekaa naye. Shauri lile lilisikilizwa, halikumwokoa.

Ilifuata Seneti, ukumbi aliowahi kukaa mwenyewe kama mwanachama. Usiku wa tarehe 17 Desemba maseneta 27 walipiga kura aondoke, 16 wakapinga, wawili hawakuegemea upande. Makosa yalikuwa manne: kukiuka Katiba na sheria, kutumia vibaya ofisi, mwenendo usiofaa, na makosa ya jinai. Alipambana mahakamani hadi Julai 2022, Mahakama ya Juu ilipoithibitisha hukumu ile na kumfungia mlango wa ugavana wa Mombasa, aliokuwa akiutafuta kwa tiketi ya Wiper. Kwa upande mwingine, na ni haki liandikwe, Desemba mwaka huohuo mahakama ya kesi za ufisadi ilimwachilia katika shtaka la shilingi milioni 20. Kuondolewa kwa gavana ni hukumu ya wanasiasa, kesi ya jinai ni kitu kingine, na watu wengi mitaani huvichanganya viwili hivyo kila wanapobishana kuhusu jina lake.

Limebaki jambo moja ambalo siachi kulifikiria. Alipoondoka, kiti cha naibu kilikuwa wazi, kwa hiyo Spika Benson Mutura aliapishwa kushika kwa muda na tarehe ya uchaguzi mdogo ikatangazwa. Wagombea wakaanza kuchapisha mabango. Mahakama ikausimamisha uchaguzi. Ndipo mtu akakumbuka barua ya tarehe 6 Januari 2020, ile iliyomteua Anne Kananu. Sonko akapinga kwa nguvu, akasema jina lile alikwisha kuliondoa. Bunge la kaunti likaona barua ipo na saini ni yake. Tarehe 15 Januari 2021 Kananu akahojiwa na kuapishwa kuwa naibu gavana siku hiyohiyo, na Novemba akaapishwa kuwa gavana wa Nairobi, bila kupigiwa kura hata moja ya wananchi, kwa mkono wa Mike Sonko.